Ziara ya siku moja kwenye viwanja vya vita vya Voi na Taveta: jibu kwa dada wa Kitui

Dada mmoja wa Kitui ameniuliza hivi, nafupisha tu: baba yake ana miaka 76, na kila mara anasema kabla hajachoka kabisa angependa apelekwe kule Voi na Taveta aone pale Mwingereza alipopigana na Mjerumani, kwa sababu babu yake mzee alichukuliwa wakati wa Vita vya Kwanza akabebeshwa mizigo, akaenda na hakurudi. Sasa dada anauliza, je siku moja inatosha, ni lazima wachukue mwongoza watalii ama waende tu na gari yao, mzee ataweza huko juani, na je kuna uwezekano wakalikuta jina la huyo babu kwenye kaburi ama ukuta wowote.

Dada yangu, shikamoo yangu mfikishie mzee. Uniruhusu nianze na hilo swali la mwisho manake ndilo gumu, na nisingependa mzee afike kule na matumaini halafu avunjike moyo mbele ya makaburi ya watu wengine. Jina kwenye jiwe hamtalikuta. Nakwambia waziwazi. Makaburi ya Voi na Taveta yametunzwa vizuri sana, nyasi imekatwa, mawe yamepangwa mistari, na kila jiwe lina jina na kikosi na tarehe, lakini hayo ni ya Wazungu waliotoka Uingereza, Afrika Kusini, Rhodesia na kwingineko. Wapagazi hawakuzikwa hivyo. Walizikwa walipoangukia, kando ya njia, kando ya kambi, wengine hata sio kuzikwa, na walioamua nani apate jiwe na nani asipate hawakuwahesabu kama wale wengine. Hili silisemi mimi kwa uchungu wangu tu, mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hao hao wanaotunza makaburi, walitoa ripoti wakakiri na wakaomba radhi, wakasema kuna watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, ambao hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Babu wa mzee wako yumo humo.

Lakini usikate tamaa hapo, kwa sababu miaka hii ya karibuni nyaraka za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa na jeshi letu la Kenya zimeanza kupekuliwa na majina ya askari na wapagazi yanatolewa, tayari ni maelfu. Kwa hiyo kabla ya safari, keti na mzee jioni moja uandike kila anachokumbuka: jina la babu na jina la baba yake, ukoo, kijiji, chifu alikuwa nani, aliondoka na kina nani wengine wa hapo kijijini. Hiyo ya chifu usiipuuze, manake mwaka 1917 watu walipotakiwa kwa wingi sana, serikali ilipitia kwa machifu, kila chifu akapewa idadi ya vijana atoe, na mtu aliandikwa kwa wilaya yake na chifu wake, na jina lake liliandikwa jinsi karani Mzungu alivyolisikia. Mutua anaweza kuwa Mtuwa, Motoa, chochote. Ukitafuta kwa herufi za leo peke yake unaweza ukampita.

Sasa tuje kwenye ziara yenyewe. Mimi huku Taita ni nyumbani, nimefundisha historia miaka mingi na nimepeleka wanafunzi na wageni kwenye hizi njia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa hiyo nakujibu kama mtu anayeijua hiyo barabara shimo kwa shimo, ingawa siku hizi mashimo yameisha, ni lami mpaka Taveta.

Mwongozaji mnahitaji. Najua watu wengi watakwambia ni pesa ya bure, barabara ni moja tu, weka ramani kwenye simu uende. Kweli barabara ni moja, Voi, Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni, Salaita, Taveta, kama kilomita 110 hivi. Shida ni kwamba ukipita peke yako utaona vichaka, mibuyu, mchanga mwekundu na reli, utafika Taveta ule ndizi urudi, na hutajua kwamba umepita katikati ya uwanja wa vita. Huku hakuna ngome kubwa kama Fort Jesus. Kuna mitaro iliyojaa udongo mpaka imebaki kama mfereji wa shamba uliokauka, kuna kuta za mawe za kufikia gotini zilizorundikwa bila saruji, kuna vipande vya chupa na makopo ya nyama yaliyooza kwa kutu. Ni mtu anayejua kusoma ardhi ndiye atakayekuonyesha kwamba huu mfereji unaangalia wapi, na nani alilala hapa na bunduki akimngoja nani.

Hebu nikupe mfano wa Salaita ndio uelewe. Ni kilima kidogo tu, kimesimama peke yake kwenye uwanda, kabla hujafika Taveta. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu tarehe 15 Agosti 1914, vita haijamaliza hata wiki mbili, wakakaa hapo zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na Salaita ndio ilikuwa mlango wao. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza wakapeleka kama watu 6,000, wengi wao Waafrika Kusini weupe waliokuwa wameshuka melini juzi juzi, wakashambulie Wajerumani na askari wao Waafrika kama 1,300 tu. Mizinga ikapiga kilele cha kilima, ikapiga, ikapiga. Kumbe juu hakukuwa na mtu wa maana, mitaro ya kweli ilikuwa chini kwenye kitako cha kilima, ndani ya miiba, haionekani. Wale vijana wakatembea wima mpaka karibu kabisa, jua la saa tano, maji kidogo kwenye chupa, na ndipo bunduki za rashasha zikafunguka. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walikuwa zaidi ya 170, wengi wao Waafrika Kusini, na waliowakinga wakati wa kurudi nyuma ni Wahindi, kikosi cha 130 cha Baluchi, hao hao ambao Waafrika Kusini walikuwa wanawadharau na kuwaita makuli.

Mwongozaji mzuri hatakupandisha kilele kwanza. Atakusimamisha chini upande wa mashariki, mbali kidogo, aseme hebu tembeeni kuelekea kilima. Mtatembea. Halafu atawaambia simameni, angalieni, mitaro iko wapi? Na nyinyi hamtaiona, na mko hatua chache tu kutoka mdomoni mwake. Mimi nilifanyiwa hivyo na mzee mmoja wa hapo karibu nikiwa bado kijana na mpaka leo nikikumbuka nywele zinasimama. Baada ya hapo ndio mnapanda juu kuona uwanda wote mpaka Kilimanjaro kama hakuna mawingu.

Mzee wako asipande kama magoti hayamruhusu, hiyo sio hasara. Mambo ya Salaita yalikuwa chini.

Kuhusu huyo mwongozaji utampataje, uliza kwanza pale mtakapolala, Voi ama upande wa Bura na Mwatate, kuna hoteli moja kubwa huko Bura ambayo imeweka hata maonyesho ya hii vita na huwa wanapanga ziara. Ukimpigia simu usianze na bei. Muulize swali moja: kwenye ziara yako utatuambia nini kuhusu wapagazi? Halafu nyamaza umsikilize. Akianza kukueleza habari za Keya na Kariakoo, idadi yao, waliugua nini, walilala wapi, huyo mchukue. Akikwambia ah, hao walikuwepo pia, halafu akarudi kwenye majenerali, tafuta mwingine. Nasema hivi kwa sababu mwaka mmoja niliingia kwenye ziara ya kampuni moja kama mgeni tu, nilitaka nijifunze wanavyofanya, tukazunguka siku nzima, Smuts jenerali wa Mwingereza hivi, von Lettow wa Mjerumani vile, na mpaka jua linazama sikusikia neno mpagazi hata mara moja. Nyuma ya gari kulikuwa na wanafunzi wawili Wakamba. Niliumia sana, manake mababu zao ndio waliobeba hiyo vita mabegani.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajui niliseme kidogo. Keya ni jinsi wazee wetu walivyolitamka jina la lile jeshi la Waafrika la Mwingereza, KAR, yaani King's African Rifles. Na Kariakoo, iwe ya Dar es Salaam ama Kariokor ya Nairobi, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, majina yametokana na kambi zao. Upande wa Mwingereza peke yake wapagazi walioandikishwa kwa hiyo miaka minne walikaribia milioni moja. Nchi ilikuwa na mbung'o, punda na farasi wanakufa, magari ni machache na mvua ikinyesha yanazama, kwa hiyo mtu ndio akawa gari. Mzigo wa kilo kama 25 kichwani, posho ya unga ambayo mara nyingi haikuivishwa vizuri na wengi haikuwa chakula walichozoea, tumbo la kuhara damu, malaria, nimonia huko kwenye baridi na mvua. Risasi iliua wachache, tumbo ndilo liliua wengi. Hesabu rasmi inataja vifo kama 95,000 na wanahistoria wengi wanaona ni ndogo. Pale Nairobi na Mombasa na Dar kuna sanamu za askari, na maandishi yake yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono, lakini majina hakuna.

Basi siku yenyewe ningeipanga hivi kama ingekuwa mimi ninamleta baba yangu. Njooni siku moja kabla. Kutoka Kitui mtakuja na gari yenu nadhani, lakini kama mnapitia Nairobi ile treni ya SGR inayosimama vituo vya kati inasimama Voi, mzee atasafiri amekaa vizuri. Laleni Voi. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu muwe mmeshakunywa chai, kwa sababu kuanzia saa tano jua la huku sio la mchezo.

Anzieni kwenye makaburi ya Voi penyewe mjini, nusu saa inatosha. Kuna kaburi moja hapo msiliache, la Wilbur Dartnell, luteni mzaliwa wa Australia. Tarehe 3 Septemba 1915 karibu na Maktau kikosi chake kilizidiwa, yeye amejeruhiwa mguu, wanambeba kumtoa, akaona majeruhi wengine wanaachwa nyuma, akakataa kubebwa akasema niacheni na hawa, akafia hapo. Alipewa Victoria Cross, ile nishani ya juu kabisa ya Waingereza. Nawaambia wageni wangu kila mara, msiwe na kinyongo na hawa waliolala hapa kwa sababu wamepata mawe, wengi walikuwa vijana tu wameletwa mbali na kwao. Ila mjue pia kwamba siku hiyo hiyo waliokufa weusi hapo karibu hakuna anayekuonyesha walipo.

Kutoka Voi mnafuata reli. Hiyo reli ya Voi kwenda Taveta ni ya vita, ilianza kujengwa 1915 ili kupeleka jeshi na mizigo mbele, na ilifika Maktau katikati ya mwaka huo huo. Maji pia yalivutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura kwa sababu huko mbele ni kukavu. Mwambie dereva aende polepole kutoka Bura mpaka Maktau. Maktau ilikuwa kambi kubwa, na kuna makaburi ya askari Wahindi hapo, madogo, kimya, watalii wengi huyapita. Simameni. Kwa mzee wako, kama babu yake alipita Voi, na wapagazi wengi sana wa upande huu walipita Voi, basi huenda kabisa alitembea hapo ama kulala hapo. Siwezi kukuhakikishia kwamba ndio mahali pake, lakini kama unataka sehemu moja ya kumwambia baba hapa ndipo, mimi ningechagua Maktau kando ya reli kuliko makaburi yoyote.

Mbele ya Maktau barabara inaingia ndani ya Tsavo West. Kwa kupita barabara kuu hamlipi kiingilio, ila mkitaka kuchepuka ndani ya mbuga hapo ni tiketi, na siku hizi malipo ni kwa eCitizen, fanyeni kabla netiwaki haijaanza kusumbua. Msishuke garini ovyo kwenye hicho kipande, tembo wanavuka. Mbuyuni kuna mapigano mengine ya Julai 1915 ambapo Waingereza walipigwa wakarudi, mwongozaji atawaeleza mkiwa ndani ya gari, hakuna haja ya kuzunguka sana. Halafu Salaita, fikeni kabla ya saa nne.

Kwenye hiyo njia mtaonyeshwa mbuyu wenye matundu, na kuambiwa kwamba ndani yake alijificha mwanamke wa Kijerumani mdunguaji, mumewe aliuawa basi akawa analipiza kisasi. Ni hadithi tamu na watu wanapenda kupiga picha hapo. Mwongozaji anayejiheshimu atakwambia hii ni hadithi inayosimuliwa. Akikuapia kwamba ni kweli tupu, muulize kwa heshima ushahidi uko wapi, na hapo utajua mengine aliyokuambia uyapime vipi.

Taveta mnafika kula. Kama siku yenu itaangukia Jumatano ama Jumamosi ni siku ya soko, mji unajaa, gari itakaa kidogo, lakini mzee atafurahi, ndizi za hapo ni za ajabu. Baada ya chakula makaburi ya Taveta, ambapo wengi wa wale wa Salaita walizikwa, na wa Latema na Reata pia. Hivyo ni vilima viwili nje ya mji ambapo usiku wa tarehe 11 Machi 1916 kulipiganwa vibaya sana, gizani, kwa singe, Keya walikuwepo na kamanda wao Graham aliuawa hapo, na kulipokucha Wajerumani walikuwa wanaondoka. Ndio mwisho wa vita kwenye ardhi yetu upande huu, ikahamia Tanganyika, na von Lettow hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, Mbala ya leo, Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kumaliza. Hizo wiki mbili wapagazi walikuwa bado wanabeba.

Ziwa Chala ni zuri na mtashawishiwa muongeze. Kwa mzee wa miaka 76 na siku moja, hapana. Ziwa liacheni kwa safari nyingine, kama mna nguvu laleni Taveta muende asubuhi. Rudini mapema, kile kipande cha mbuga msikipite usiku.

Kitu kingine, muulizeni mwongozaji habari za Kasigau. Mlima mtauona kwa mbali upande wa kusini mkiwa Voi. Mwaka 1915 watu wa Kasigau walishukiwa na Mwingereza kwamba wanamsaidia Mjerumani, wakahamishwa jumla wakapelekwa Malindi, nchi ya joto na malaria wasiyoijua, na wengi walifia huko, na ilichukua miaka mingi waliobaki wakarudi kwao. Hakuna aliyepigana kati yao. Mwongozaji wa hapa akikosa kulijua hilo mimi nashangaa.

Bei sitaji kwa sababu zinabadilika na kila mtu na yake, lakini kabla hujatuma deposti hakikisha umeandikiwa kwa mesej kama bei ni ya gari nzima au ya kichwa, mafuta yamo ama hayamo, chakula cha dereva ni juu ya nani, na mkichelewa mnaongezwa nini. Bebeni maji kuliko mnavyodhani, lita tatu kwa mtu sio nyingi. Kofia kwa mzee, viatu vilivyofunika vidole, Salaita ni miiba mitupu, na kiti kidogo cha kukunja cha kuweka kwenye buti ili popote mtakaposimama yeye akae kivulini na mwongozaji amfuate yeye.

Na chochote mtakachokiona chini, ganda la risasi, kifungo, kipande cha chupa, angalieni, pigeni picha, kirudisheni pale pale. Ni sheria, hivyo vitu vinalindwa, na pia kitu kikubwa cha chuma kilicholala chini msikiguse kabisa, mwiteni mwongozaji. Mara ya mwisho nilipokuwa Salaita mtoto mmoja aliokota kigae cha chupa cha kijani, kinene, kimefanywa laini na mchanga wa miaka mia. Akakishika juani kikawaka. Mama yake akataka kukitia mkobani, mtoto mwenyewe akasema hapana, mwenyewe anaweza kurudi. Akakirudisha.

La mwisho, mwambie mwongozaji siku hiyo hiyo unayobuku kwamba mnakuja kwa ajili ya babu, sio utalii tu, na kwamba mtahitaji nusu saa Maktau bila maelezo yoyote. Mzee akitaka kumwaga maji, kuomba, kumwita babu yake kwa jina kwa Kikamba, aachwe afanye. Dereva azime gari na redio.